RAKETI YA KUPIGIA PICHA

Kuna staa mmoja wa Bongo, kwao Handeni (jina kapuni), kapost picha ameshika raketi ya tenisi, kaptula nyeupe, kofia nyeupe. Komenti zikafurika. Dogo mmoja wa Kwaluguru akauliza kistaarabu tu: "Braza, Paul Wekesa unamjua?" Akablokiwa hapo hapo!

Kosa lake nini? Wekesa ni Mkenya, jirani kabisa. Kastaafu zamani, lakini alifika nafasi ya 100 duniani na kubeba mataji 3 ya ATP ya wawili wawili. Kwa raketi, siyo kwa filta. Na 2022 Angella Okutoyi, binti wa Nairobi aliyelelewa na bibi yake, akabeba Wimbledon ya vijana, wawili wawili pia.

Halafu chawa wa staa wanasema eti tenisi ni mchezo wa wazungu. Wazungu gani sasa? Sikukuu ikifika huyo huyo anashuka Korogwe na msafara wa magari, anamwaga noti ukumbini mpaka asubuhi. Raketi 2 za shule aliyosoma ndo zimemshinda? Basi hata hiyo ya picha, kama hachezi, aiache pale Segera. Madogo watakuja kuichukua wenyewe.