Bitana za kupikwa: ganda kwanza, tanuri baadaye

Leo tuweke seva na hifadhidata kando kidogo. Nataka tuzungumzie teknolojia ya viatu: bitana za buti za skii zinazopashwa moto kwenye tanuri ili zichukue umbo la mguu wako mwenyewe.

Najua swali lako, ndugu msomaji: Mkenya na skii wapi na wapi? Philip Boit alituwakilisha kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 katika mbio za skii, na Sabrina Simader akatuwakilisha PyeongChang mwaka 2018 katika skii za kuteremka mlima. Isitoshe, tuna ndugu na marafiki wanaosoma na kufanya kazi Austria, Uswisi na Kanada. Msimu wa baridi ukifika wanaalikwa mlimani na wenzao wa ofisini. Wengine huenda siku moja tu, wakaumia miguu kwenye buti za kukodi, wakaapa hawarudi tena. Makala hii ni yao.

Maoni yangu nayatoa mapema. Bitana hizi zinafanya kazi, lakini zinauzwa kama dawa ya kila ugonjwa. Kama ganda la buti si saizi yako, unapika pesa tu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Buti za Boit zilikuwa laini, za kukimbilia. Hapa naongelea za kuteremkia, kama za Simader. Zina sehemu mbili: nje kuna ganda la plastiki ngumu lenye vibanio, na ndani kuna bitana ya sponji ambayo unaweza kuichomoa yote. Ukisukuma goti mbele, ganda ndilo linalopeleka amri kwenye skii, nayo skii inakata kona. Mguu ukicheza humo ndani, amri inachelewa. Ni kama kusogeza kipanya halafu mshale unafuata nusu sekunde baadaye. Kwenye skrini inaudhi. Kwenye mteremko wenye barafu unaweza kuvunjika.

Sasa hiyo bitana. Nyingi za kupikwa hutengenezwa kwa sponji ya EVA, jamaa ya ile iliyo kwenye soli za viatu vya mbio. Ina vijishimo vidogo vilivyofungwa, kwa hiyo hainyonyi maji kwa urahisi na inahifadhi joto la mguu. Ukiipasha inalainika, ikipoa inabaki na umbo ulilolipa. Kwa kawaida tanuri huwekwa takriban nyuzi 115 hadi 120 za Selsiasi, dakika 10 hadi 12, ingawa kila mtengenezaji ana maagizo yake. Fundi anakuvisha kofia ndogo kwenye vidole ili pabaki nafasi, anakuvisha soksi nyembamba, unaingiza mguu, anafunga vibanio, nawe unasimama bila kutikisika kwa dakika kama 10 hadi ipoe.

Siri ya mtungi aijuaye kata, kwa hiyo nilizijaribu. Nilikuwa Innsbruck kwa mkataba wa miezi sita, na buti nilizokuwa nazo zilinibana kwenye kifundo huku kisigino kikipanda juu kila kona. Bitana mpya pamoja na kazi ya fundi zilinigharimu euro 210, yaani zaidi ya shilingi 30,000 zetu. Baada ya siku kumi mlimani matokeo yalikuwa haya: kisigino kilitulia, maumivu ya kifundo yakaisha, na vidole vikawa na joto zaidi. Lakini upande wa nje wa mguu, karibu na kidole kidogo, uliendelea kuuma vilevile. Pale mguu wangu ulikuwa unagusana na plastiki yenyewe, na hakuna sponji duniani inayoweza kupanua plastiki. Fundi alilipasha ganda moto mahali hapo na kulisukuma nje kwa milimita chache. Kazi ikaisha.

Ndiyo maana nasema mpangilio ni muhimu. Wanaoandika programu wanajua: hitilafu ikiwa kwenye hifadhidata, huitibu kwa kubadilisha rangi za ukurasa.

Jaribu hili dukani kabla ya kutoa pochi. Chomoa bitana. Ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole hadi viguse mbele kidogo, kisha upime nafasi nyuma ya kisigino. Kwa mtu wa kawaida sentimita 1.5 hadi 2 inatosha. Ikizidi hapo, buti ni kubwa, na bitana ya kupikwa itakupendeza wiki moja halafu mchezo uanze upya. Kumbuka pia kwamba saizi za buti hizi ni urefu wa mguu kwa sentimita, na mara nyingi 26 na 26.5 hutumia ganda lilelile.

Wapo wanaosema usilipe chochote, kwa sababu bitana ya kawaida itazoea mguu yenyewe. Hoja hiyo ina ukweli: sponji yoyote hubonyea kwa kuvaliwa. Lakini unalipia mazoea hayo kwa siku kadhaa za maumivu, na mgeni mlimani hana siku hizo. Hizi za EVA nazo hubonyea, ila zinaweza kupashwa tena zaidi ya mara moja.

Kwa mwenye bajeti ndogo, tumia kanuni ya Gikomba: kagua kwanza, bei baadaye. Ganda la mitumba lenye saizi sahihi pamoja na bitana mpya ni afadhali kuliko buti mpya za bei kali zisizokutosha. Hakikisha tu plastiki haijazeeka wala kupasuka, soli haijalika, na aina ya soli inaoana na vishikizo vya skii zako. Hilo la mwisho usilipuuze, kwa sababu vishikizo ndivyo vinavyouachia mguu unapoanguka.

Na muuzaji akikukimbilia na tanuri kabla hajalitazama ganda, mshukuru kwa upole, kisha nenda duka linalofuata.

Wewe je, umewahi kuzijaribu? Niandikie tusikie. Hadi wakati mwingine, kwaherini.