Kwaya za Palma zisisubiri kinanda

Ndugu zangu mnaovuka Ruvuma na bidhaa pale Kilambo, nanyi mliorudi Palma na Mocímboa da Praia, leo naomba tuzungumzie kwaya. Najua nyavu, mabati na bei ya unga ndivyo vinavyowaumiza vichwa. Lakini kila parokia inapoanza upya nasikia hoja ileile: tusubiri kwanza kinanda, spika na umeme. Sikubaliani nayo hata kidogo.

Zipo nyimbo zisizohitaji vitu hivyo. Mwaka 1605 Mreno Duarte Lobo alichapisha Antwerp kitabu cha Magnificat, yaani Wimbo wa Maria unaoimbwa kwenye Masifu ya Jioni, kwa sauti nne. Aya moja huimbwa kwa sauti moja, na hapo waumini wote wanaweza kuingia; inayofuata ni ya kwaya, sauti moja ikianza na nyingine ikiidaka. Aliyezoea kupokezana ngomani hatapotea.

Nitaambiwa ni nyimbo za mkoloni. Kweli, Wadominiko walikuja visiwa vya Kerimba pamoja na Wareno. Mmoja wao, João dos Santos, aliishi huko miaka ya 1590, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1609 huko Évora, mji uleule Lobo alikosomea muziki. Baadaye Ibo ikawa soko la watumwa, nalo silisahau. Lakini wimbo wenyewe unasema wakubwa wameshushwa na wenye njaa wameshibishwa. Mkoloni aliuimba bila kujisikiliza. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi pwani hii, nao wanamjua Bibi Maryamu.

Upo pia Wimbo wa Mzee Simeoni, wa sala ya kulalia, anayeomba kwenda zake kwa amani. Baada ya Mocímboa kushambuliwa Oktoba 2017, watu wa vijiji vingi walilala porini; kuimba usiku kulikuwa kujitangaza. Palipo na wasiwasi hadi leo, iimbwe saa kumi alasiri, jua likiwaka. Hakuna atakayekwazika.

Nakala zake zinapatikana bure kwenye intaneti. Anayekwenda Mtwara kununua mchele azitoe kwenye duka la fotokopi, azibebe juu ya gunia zisilowe mtoni. Na walimu waanze kufundisha besi, maana wanaume ndio huchelewa mazoezini.