Kikiharibika, Nani Atakitengeneza?

Picha hii inajulikana katika halmashauri nyingi za Tanzania: meza imetandikwa kitambaa, vyerehani vipya vimepangwa mstari, kiongozi anakabidhi kimoja kimoja kwa akina mama wa kikundi. Mkoa wa Mara nao unaijua. Kinachonishughulisha mimi ni mwaka unaofuata, siku mkanda unapokatika au cherehani kinapoanza kuruka mshono katika kijiji cha wilaya ya Tarime au ya Serengeti, na fundi wa karibu yuko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi inameza faida ya magauni mawili. Siku hiyo ndiyo inayoonyesha kama yule mama alipewa uwezo au alipewa chombo tu.

Kazi za mikono tunazojifanyia nyumbani, iwe bustani nyuma ya jiko, ushonaji wa jioni au kijana anayefungua simu mbovu ili ajue ndani kuna nini, zimekuwa zikipimwa kwa kipimo kimoja: zinaingiza shilingi ngapi? Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa Julai 2024, imejengwa juu ya kipimo hicho. Wanawake wanatengewa asilimia nne, vijana nne, watu wenye ulemavu mbili. Wote wanatakiwa kuwa na mradi wa kuzalisha fedha. Silaumu, maana mkopo lazima urudi. Lakini mama mwenye matuta matatu ya mboga hana mradi. Faida yake ni mboga ambayo hakuinunua, na hakuna fomu yenye mstari wa kuiandika. Mimi napendekeza kipimo kingine: kitu kikiharibika au kikiisha, mwenyewe anaweza kukirudisha?

Tuanze na bustani, kwa sababu hapo Tarime ina utajiri ambao haujatangazwa. Nyanda zake za juu hupata mvua misimu miwili, na Wakurya ni wafugaji, kwa hiyo samadi ambayo mkulima wa mjini huinunua kwa gunia, huku iko zizini. Mgagani na mnavu humea karibu vyenyewe. Ukiacha miche michache izeeke, ukakausha mbegu zake vizuri na kuzihifadhi pakavu, msimu ujao hudaiwi na mtu. Nyanya chotara ni habari nyingine. Huzaa sana, na kwa anayeuza sokoni huenda ndiyo chaguo sahihi. Ila mbegu yake ukiirudia haikupi tena mmea ule ule, hivyo kila msimu unarudi dukani.

Sheria nazo zimekuja. Mwaka 2012 Tanzania ilipitisha Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea, na 2015 ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda haki za wanaozalisha aina mpya za mimea. Kati ya mbegu ya kujihifadhia na ya dukani ipo njia ya kati, mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambapo mkulima aliyefunzwa huzalisha mbegu kijijini, TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, hukagua, na majirani hununua kwake. Kwangu mimi, mkulima mmoja wa aina hiyo katika kata ana thamani kuliko magunia ya mbegu za msaada, kwa kuwa msaada ukikatika yeye bado yupo.

Hapa lazima niwasikilize wanaotilia shaka, kwani wana hoja nzito. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uligunduliwa Kagera mwaka 2006, kisha ukaenea kanda ya ziwa hadi Mara. Ulisafiri kwa njia zipi? Kwa wadudu, ndiyo, lakini pia kwa panga lililotoka shina moja kwenda jingine bila kusafishwa, na kwa vichipukizi ambavyo jirani alimpa jirani kwa moyo mweupe. Ukarimu wenyewe ulibeba ugonjwa. Dawa yake ilihitaji elimu iliyotoka nje ya uzio wa nyumba: kupitisha panga motoni, kukata ua dume mapema kwa kijiti cha panda badala ya kisu, kung'oa shina lililougua. Anayehubiri kujitegemea huku akimdharau mtafiti na bwana shamba anamwachia mkulima njaa.

Upande wa Serengeti, mpinzani mkubwa ni tembo. Katika vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, bustani iliyomwagiliwa wakati wa kiangazi ni mwaliko. Kamba iliyopakwa pilipili na oili chafu inaweza kusaidia, mizinga ya nyuki nayo, kama utafiti wa mwanasayansi Lucy King ulivyoonyesha upande wa Kenya. Lakini uzio wa nyumba moja humsukuma tembo kwa nyumba ya pili. Ukitaka bustani za nyumbani zistawi katika vijiji kama Nata au Robanda, unazungumzia kitongoji kizima kukubaliana uzio upite wapi na nani aukague jioni.

Ushonaji una adui tofauti: mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walipanga kuondoa nguo hizo ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na Tanzania ikalegeza. Kwa hiyo gauni jipya la kitenge linashindana na shati la bei ya chini mno kutoka gulioni. Nadhani ushindani huo hatuushindi kwa kugawa vyerehani. Eneo la cherehani cha nyumbani ni kingine: sare ya shule inayoongezwa pindo badala ya kununuliwa upya, shuka linalogeuzwa nepi, taulo za kike za kitambaa zinazofuliwa. Kwa binti ufundi huo waweza kuwa jambo zito zaidi ya fedha. Mugumu na Butiama, shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly huendesha nyumba salama kwa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Binti aliyekataa kukatwa, na huenda kwao hawamtaki, anahitaji kitu cha mkononi ambacho hakuna baba wala mjomba anayeweza kukidai.

Ndiyo maana nasisitiza ufundi wa chombo chenyewe. Kila anayefundishwa kushona afundishwe pia kufungua cherehani, kukitia mafuta, kurekebisha muda wa sindano na kubadilisha mkanda. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tarime kipo, kimoja kati ya vyuo vilivyoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa kufuata mfano wa Sweden. Hatuhitaji kubuni taasisi mpya.

Kutoka cherehani hadi seva, yaani kompyuta inayohifadhi data na kuhudumia nyingine, inaonekana ni mbali, lakini swali ni lile lile: kikiharibika, nani atakirudisha? Nyumba salama za Mugumu zinahusiana na kazi ambayo watu wengi wa Mara hawaijui: kuanzia 2015, wanaojitolea wa mradi wa Crowd2Map walichora vijiji kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ili waokoaji wafike kwa msichana usiku, penye barabara ambazo ramani za kampuni kubwa hazikuzionyesha. Ramani hiyo unaipakua kwenye simu, inafanya kazi bila bando, na mwanakijiji anaweza kuisahihisha mwenyewe. Kabla ya hapo, katika miaka ya 2000, Bunda na Serengeti zilikuwa uwanja wa majaribio wa mtandao wa kasi uliohusisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo cha KTH cha Sweden, ukitumia nyuzi za mkongo wa shirika la umeme, TANESCO. Mmoja wa watafiti wake, Amos Nungu, aliandika tasnifu kuhusu jinsi mitandao kama hiyo inavyoweza kudumu, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH. Nchi hii ina watu waliolifikiria jambo hili kwa kina.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Shule yenye kompyuta ndogo, betri ya sola, Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix na masomo ya Kolibri, programu zinazofanya kazi bila intaneti, ingeendelea na kipindi. Je, kila nyumba iwe na seva yake? Hapana. Diski hufa, wezi huja, na taarifa za msichana aliyeokolewa hazipaswi kukaa kwenye kompyuta ya sebuleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayezishika awajibike. Seva ikae shuleni au chuoni, ikiwa na mtu mwenye jukumu la kunakili data mahali pa pili. Kijana anayejifunza kwao kwa kompyuta chakavu ndiye atakayekuwa mtu huyo.

Limebaki jambo linaloniuma. Azimio la Arusha la 1967, lililoandikwa na mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, lilikiri wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko wote huku wanaume wengi wakipumzika nusu ya maisha yao. Tukiongeza bustani, ushonaji na mboji juu ya kuni na ndoo ya maji, tumemwongezea mwanamke zamu ya tatu na kuiita maendeleo. Bustani ya jikoni ije baada ya bomba au tangi la mvua, na mwanamume ashike jembe na sindano.

Fedha zipo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanataka mipango ya kampuni za madini kwa jamii ipangwe pamoja na halmashauri, na mgodi wa North Mara uko Tarime. Madarasa yanajengwa kwa fedha hizo, na ni vizuri. Katika mpango ujao madiwani waweke mistari minne: matangi ya maji, mkulima wa mbegu katika kila kata, karakana ya vipuri vya vyerehani pale chuoni, na seva moja yenye mlinzi wake anayelipwa mshahara.