Kabla ya kununua lori la kulala, muulize mama

Tangu nilipogusia katika ukumbi huu habari za kusafiri na watoto wakati wa likizo, nimeulizwa swali moja na wazazi kadhaa. Je, yafaa familia ya kawaida kununua lori kuukuu, kulijengea chumba mgongoni, kisha kuzuru nalo nchi? Leo nitalijibu, na nitalijibu kwa kisa changu mwenyewe. Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Tamaa yangu ilianzia mjini Isiolo. Wakubwa watakumbuka kwamba katika miaka ya 1990 lami ilikomea hapo. Magari yaliyoelekea Marsabit na Moyale yalisubiri kizuizini hadi yakusanyike, kisha yakaondoka kwa msafara yakilindwa na askari wenye bunduki. Nilikuwa pale siku moja kwa shughuli zangu, nikaona lori la Mjerumani likiteremka kutoka kaskazini. Magurudumu yake yalinifika kifuani. Mgongoni palikuwa na kijumba chenye vidirisha na ngazi ya kukunja. Mlango ulifunguka, akashuka mama na watoto wawili, nao wakaanza kumenya machungwa kana kwamba wako uani kwao. Walikuwa wametoka Ulaya, wakapita Sudan na Uhabeshi, na safari yao ilikuwa ya Cape Town.

Njia ile ya Sudan imekuwa taabu tangu vita vilipozuka huko mwaka 2023, lakini picha ya watoto wale haijanitoka. Nilijiambia kwamba ipo siku na wanangu watamenya machungwa yao kaskazini.

Miaka ikapita, nikapata kiinua mgongo. Kwa fedha hizo nikanunua lori dogo la Kijapani, lile la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Fundi mmoja wa Nairobi alinijengea chumba cha plaiwudi na mabati. Ramani niliichora mimi, usiku, peke yangu. Mama watoto aliniomba mambo mawili tu. La kwanza, mtungi wa gesi ukae nje, katika kisanduku chake. La pili, kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka mitatu, asilale sakafuni.

Nilimjibu kwa kiburi. "Mama watoto, nafasi ni ndogo. Hii si jiko la nyumbani."

Naye akanyamaza. Ewe baba unayesoma haya, mke akinyamaza namna ile usidhani umeshinda.

Likizo ya Agosti ikatukuta barabarani. Tulipita Nanyuki kwa baridi, tukateremka hadi Isiolo kwenye joto, tukavuka Archer's Post na kufika Laisamis bila tatizo. Siku hizi lami inaendelea hadi Moyale, takriban kilomita 500 kutoka Isiolo. Tulipoiacha lami pale Laisamis na kushika njia ya Korr, mambo yakageuka. Njia ilikuwa imejikunja kama bati la nyumba. Kila kitu ndani kilitetemeka, sufuria, vijiko na hata meno. Kwa saa kadhaa lori lilitingishika hivyo, huku mimi nikipiga mbinja.

Usiku tulilala kando ya njia kwa idhini ya wazee wa hapo. Alfajiri mama watoto aliamka achemshe chai, mkononi ana kiberiti. Kabla ya kukiwasha aliinama kumfunika mtoto kwa leso, na pale chini, karibu na godoro, akapata harufu ya gesi. Hakupiga kelele. Alimnyakua mtoto, akafungua mlango kwa teke, akatuamuru sote tutoke. Tulisimama mchangani tukiwa na nguo za kulalia, watoto wakiuliza kuna nini, nami sina la kuwajibu.

Yaliyotendeka ni haya. Fundi alikuwa ameunganisha jiko na mtungi kwa bomba gumu la shaba, na mtetemeko wa siku nzima ulilipasua kwenye kiungo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hailei kwenda juu, bali hutambaa chini na kujikusanya sakafuni kama maji. Mwanangu alikuwa amelala ndani ya dimbwi lile. Njiti moja tu ya kiberiti ingalitosha, na safu hii ungekuwa ukiisoma kwa kalamu ya mtu mwingine.

Tulifunga mtungi, tukaacha milango wazi, tukanywa maji baridi. Jua lilipochomoza niligundua kwamba hata chumba chenyewe kilikuwa kimepasuka pembe mbili.

Ni asubuhi hiyo hiyo tulipokutana na familia ya Warendile wakihama. Wengi wao walianza kukaa Korr, Kargi na Laisamis tangu ukame wa miaka ya 1970, lakini wapo ambao bado huhamahama na mifugo. Ngamia walipita mbele yetu wamebeba vijiti virefu vilivyopindwa, mikeka ya katani na ngozi. Msomaji, ile ilikuwa nyumba nzima. Kwa Warendile nyumba ni ya mke. Wanawake ndio huijenga, ndio huibomoa siku ya kuhama, na ndio hujua kila kijiti kinafungwa wapi mgongoni mwa ngamia. Jirani zao Wagabra nao hufanya vivyo hivyo.

Mama watoto aliwatazama hadi wakatokomea. Kisha akasema neno moja tu, "Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Watu wale wamesafiri na nyumba zao katika nchi ile vizazi na vizazi, na nyumba hupangwa na yule anayepika na kulaza watoto ndani yake.

Tulirudi Isiolo polepole. Mjini tulimpata fundi mmoja wa kuchomelea, mzee wa makamo, aliyezoea malori ya mifugo. Alilala chini ya lori letu, akatoka akicheka.

"Mzee, fremu ya lori hujipinda ikipita kwenye mashimo. Isipojipinda itavunjika. Wewe umeifunga bolti na nyumba isiyojua kujipinda. Ulitaka nani ashinde?"

Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo siri ya kwanza ya magari haya. Wazungu huweka kijumba juu ya mihimili mitatu: miwili imefungwa imara upande mmoja, na mmoja upo katikati ya upande wa pili, nao unazunguka. Fremu ikijipinda, nyumba hubaki wima. Fundi wetu alitumia njia nyepesi ya bolti zenye springi upande wa mbele, ili fremu ipate kunyanyuka bila kuurarua ukuta. Lakini mara hii maagizo yalitolewa na mama watoto. Mtungi wa gesi ulihamishwa nje, katika kisanduku chenye matundu chini. Bomba gumu likaondolewa, ukawekwa mpira maalumu wa gesi ambao hukaguliwa kila safari. Sakafuni karibu na mlango likatobolewa tundu la kutolea gesi. Kitanda cha mtoto kikapanda juu.

Siri ya pili ni uzito. Chukua kalamu tupige hesabu. Familia ya watu watano kwenye joto la kaskazini yataka maji yasiyopungua lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Kwa siku nne hizo ni lita 100, na lita moja ya maji ni kilo moja. Dizeli lita 120 ni kama kilo 100. Nyinyi wenyewe, wakubwa na wadogo, mnakaribia kilo 270. Hapo mmefika karibu nusu tani, na bado hujapakia sufuria, godoro, jeki wala tairi la akiba. Ndiyo maana chumba chatakiwa kiwe chepesi, na tangi la maji likae chini, katikati ya ekseli mbili. Mimi nililiweka juu, nyuma kabisa, na kila kona lori lilitikisika kama mlevi. Ukimaliza kujenga, jaza kila kitu, pandisha na watoto, kisha ukapime kwenye mizani ya malori. Linganisha na uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Ukizidi, punguza.

Siri ya tatu ni magurudumu. Kwenye mchanga, upepo ukipunguzwa tairi hutanuka na kupita bila kuzama. Lakini usipunguze kama huna pampu ya kuurudisha, kwa kuwa tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa kwenye lami huchemka na kupasuka. Na ukifika jangwa la Chalbi, usidanganywe na ukavu wa juu. Baada ya mvua, chini ya ganda lile pana tope linaloweza kumeza lori hadi kwenye ekseli. Waulize wenyeji kwanza. Vilevile uliza polisi kuhusu usalama wa njia, na usisafiri usiku.

Kuna na mambo ya sheria. Ukibadilisha bodi ya gari, mabadiliko hayo yataka kukaguliwa na kuandikishwa katika halmashauri ya NTSA. Leseni ya daraja B ni ya magari yasiyozidi kilo 3,500, na lori jepesi linalozidi hapo lataka C1. Mwambie mtu wa bima ukweli kwamba ndani mnalala na mnapika, maana ukificha, siku ya ajali fidia yaweza kukupita.

Na adabu nayo ni sheria. Visima vya kaskazini ni uhai wa mifugo na watu. Usifulie hapo, wala usiingie na mtungi wako kabla ya kuuliza ni zamu ya nani. Taka zako rudi nazo mjini.

Sasa nirejee kwenye swali lenu. Je, nunua au usinunue? Kama fedha hizo ni karo ya shule, usinunue. Kama ni mkopo, usinunue. Lori kama hili hukaa uani miezi kumi na kufanya kazi miwili, na miezi hiyo kumi halikosi kudai betri, mpira na rangi. Kwa familia nyingi hema zuri na gari la kukodi vyatosha kabisa. Wanafunzi, nanyi anzeni na hema. Lala nalo siku tatu Samburu au Buffalo Springs, hapo hapo karibu na Isiolo, ujue kwanza kama jamaa zako wapenda vumbi au wapenda picha za vumbi.

Lakini kama una akiba yako, na mmeketi nyote mezani mkakubaliana, sitakuzuia. Sisi lori letu tunalo hadi leo. Desemba iliyofuata tulirudi Korr kwa njia ile ile, na kitinda mimba alimenya chungwa lake ngazini. Ila kabla hujampelekea fundi ramani, mpe kwanza mama wa nyumba kalamu. Akisema mtungi ukae nje, ukae nje.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.