"Mtandao unasumbua": Kadi moja ya seva inavyoweza kusimamisha foleni nzima Mwanza

Umefika dirishani Mwanza kulipia kipimo, leseni au mzigo. Jibu ni lile lile: "Mtandao unasumbua, subirini." Wengi wetu hapo tunalaumu kampuni ya simu.

Lakini kuna siku intaneti iko salama kabisa. Kilichogoma ni kadi moja ndani ya seva ya ofisi hiyo hiyo. Seva inaunguruma, taa zinawaka, ila haioni kadi yake.

Kujua tofauti kuna faida. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana. Fundi wa Mwanza hakuwa na la kufanya zaidi ya kusubiri. Kadi ya seva ni jambo jingine. Tatizo liko chumba cha pili, na linaweza kuisha kwa saa moja au kuchukua wiki. Inategemea nani kaigusa kwanza, na kama kuna kadi ya akiba.

Ni kadi gani hizo?

Zinazoumiza zaidi ni mbili. Kuna kadi ya mtandao, inayounganisha seva na kompyuta za madirishani. Kuna pia kadi ya diski, ambayo mafundi wanaiita RAID, inayosimamia diski zenye kumbukumbu zote.

Ya kwanza ikipotea, madirisha hayaipati seva. Ya pili ikipotea, seva yenyewe haizioni diski zake. Hapo ndipo watu wanaingiwa na hofu, na hofu ndiyo inayoharibu.

Kwa nini ipotee ghafla?

Mshukiwa wa kwanza ni umeme. Aprili 1, 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikabaki gizani. Seva iliyokaa miezi bila kuzimwa inaweza kuficha ugonjwa wake. Ikizimika ghafla na kuwashwa upya, inalazimika kuzitafuta kadi zake zote tangu mwanzo, na ile iliyokuwa inachechemea haijibu.

Kuna pia vumbi, joto la chumba kisicho na kiyoyozi, na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, wanaoweza kuziba matundu ya feni. Ongeza safari: seva iliyotoka Dar es Salaam kwa barabara imetikiswa zaidi ya kilomita 1,100. Kadi ikilegea njiani, si ajabu.

Fundi aanzie wapi?

Swali la kwanza: seva haioni kadi kabisa, au inaiona ila haiwezi kuitumia? Kwenye Linux, amri ya lspci inatoa orodha ya kadi zilizoonekana. Windows nayo ina orodha yake ya vifaa. Kadi ikiwemo kwenye orodha lakini haifanyi kazi, anza na draiva na mipangilio kabla ya kushika bisibisi.

Kama haimo hata kwenye bayosi, fuata mpangilio huu:

1. Zima seva na uchomoe waya zote za umeme. Seva nyingi zina pawa saplai mbili, kwa hiyo kuchomoa waya mmoja hakutoshi.

2. Vaa mkanda wa mkononi wa kuzuia umemetuli. Chomoa kadi, futa vumbi, irudishe mpaka ikae sawasawa.

3. Bado? Ihamishie sloti nyingine. Kuna mtego hapa: kwenye seva za prosesa mbili, baadhi ya sloti zinategemea prosesa ya pili. Kama haijafungwa, sloti hizo hazifanyi kazi hata ukiweka kadi mpya kabisa.

4. Angalia kwenye bayosi kama sloti imezimwa, na kama programu ya ndani ya seva ni ya zamani kuliko kadi.

5. Pima kwa kubadilishana. Weka kadi nzima kwenye sloti inayoshukiwa, kisha weka kadi inayoshukiwa kwenye seva nyingine. Majaribio haya mawili yatakuonyesha kama kilichokufa ni kadi au sloti.

Hatua ya tano ndiyo inayokwamisha ofisi nyingi. Unahitaji kadi nzima ya kujaribia, na kama haipo mjini, foleni inasubiri basi la Dar.

Kosa lisilorekebishika

Kadi ya diski ikifa, usikimbilie kupiga Windows upya. Kumbukumbu bado zinaweza kuwa salama kwenye diski. Ziandike namba kwa mpangilio wake, usizichanganye, kisha tafuta kadi ya aina ile ile au inayoendana nayo.

Ukishaifunga, kioo kinaweza kusema kimekuta mpangilio wa kigeni kwenye diski. Usiogope, diski zinakumbuka kadi ya zamani. Chagua kuupokea mpangilio huo. Ukichagua kuufuta au kuunda mpya, unaweza kupoteza majina, vipimo na malipo ya miaka.

Hili si la mafundi peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuharibiwa. Kumbukumbu za wagonjwa zikifutwa kwa papara, kusema "kadi ilikufa" si utetezi mzuri.

Tumenunua mifumo, akiba je?

Juni 19, 2025 Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa, na mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko. Anavuka kilomita tatu kwa dakika chache. Halafu anafika dirishani na kusimama siku nzima kwa sababu ya kadi inayoenea kiganjani.

Tatizo liko kwenye bajeti. Tunanunua seva, tunakata utepe, kisha hatutengi fungu la vipuri, UPS na mafunzo ya fundi wa hapa hapa. Kadi ya akiba ni sehemu ndogo ya bei ya seva. Ofisi za Kanda ya Ziwa zenye seva zinazofanana zingeweza hata kuchangia akiba moja ikae Mwanza, badala ya kila moja kuagiza kivyake wakati foleni imeshajaa.

Kwa hiyo bosi wa ofisi ajiulize leo, umeme ukiwa upo: kadi ya akiba iko wapi? Nakala rudufu ilijaribiwa lini mara ya mwisho? Mfumo ukigoma, daftari la kuandikia wateja lipo?

Na wewe mwananchi, ukiambiwa tena mtandao unasumbua, uliza kwa upole: "Samahani dada, tatizo ni la nje au ni seva yenu?" Kama ni seva yao, una haki ya kuuliza linaisha lini.