Usaili wa Kiwandani na Suala la Swala

Vijana wetu wa Daa wanaokwenda Arusha kutafuta kazi viwandani hujiandaa kwa usaili kwa kupiga pasi shati, basi. Haitoshi. Anayeitwa na kampuni ya A to Z, kwa mfano, ajue kwamba ilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset mwaka 2003, na kwamba dawa ya mbu imo ndani ya uzi wenyewe. Dada zetu nao wafunge mtandio vizuri, ncha zisining'inie karibu na mashine.

Lakini zito zaidi ni swala. Wapo wanaoshauri tunyamaze mpaka tuajiriwe. Sisi hatukubaliani nao. Anayetoroka zamu adhana ikilia huwaharibia wenzake watakaoomba kazi baada yake. Tuulize mapema, kwa adabu: mapumziko ni saa ngapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60, na inakataza kumbagua mwombaji kwa dini yake. Dakika hizo zinatosha chakula na adhuhuri. Ugumu uko Ijumaa, maana msikiti huenda ukawa mbali. Hilo nalo tuliulize kabla ya kutia saini mkataba.