Kabla ya Sagana, uliza nani hajui kuogelea

Kila grupu la WhatsApp lina ile plani ya Sagana. Mtu anarusha video ya rafti ikipigwa na maji meupe, wasee ishirini wanaandika "niko ndani", halafu yanakuja maswali mawili tu: ni ngapi, na tunavaa nini? Mimi naona hayo ni ya mwisho. La kwanza ni nani kati yetu hajui kuogelea.

Tuambiane ukweli. Wengi wetu tuliokulia Nairobi hatujui. Maji ya mfereji yenyewe huja kwa ratiba, sasa dimbwi la kuogelea tungelitoa wapi? Si aibu. Shida ni kwamba ukiuliza mbele ya watu ishirini, hakuna atakayekubali, hasa maboi. Atanyamaza, atatuma pesa kwa M-Pesa, na siku ikifika atajaza fomu kwamba yuko sawa. Kwa hivyo wewe unayepanga, mtafute kila mtu kando. Uliza pia kuhusu pumu, kifafa na mimba. Asiyejua kuogelea hajafungiwa safari, maana jaketi la kuelea litambeba na mto una sehemu tulivu. Lakini kiongozi wa rafti lazima ajue nani ni nani kabla hajawapanga.

Halafu tarehe. Maji ya Tana yanayopita Sagana yanashuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Unaweza kufika ukute jua kali, kumbe mvua iliyonyesha huko juu usiku ndiyo iko njiani inawajia. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Disemba. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na bado kuna mtu anataka bathdei yake ya mwisho wa Aprili ifanyiwe mtoni! Mikondo hupimwa kutoka gredi 1 hadi 6. Gredi 3 inatosha kabisa kukufanya umwite mamako. Ya 6 hata mabingwa wengi huikwepa. Na mahali palepale pa gredi ndogo panaweza kubadilika maji yakipanda.

Sasa hapa ndipo naona plani nyingi zina shimo. Watu ishirini wamelipa, wameamka saa kumi na moja asubuhi, wamekodi mat, wamefika. Kiongozi anaangalia mto anasema leo hapana. Unafikiri watamwelewa? Wataanza kumsukuma. "Bana, tumetoka mbali." "Hata ile sehemu fupi tu." Mwingine atatoa simu aonyeshe video ya watu waliopita hapo wiki jana. Huyo kiongozi naye ana kodi ya nyumba, na mkiondoka hajui kama mtarudi. Mnamweka mahali pabaya, na kama atalegea, ni nyinyi mko ndani ya rafti.

Kwa hivyo hiyo "hapana" ikubaliwe mapema, kabla ya mtu kutuma hata mia. Ukipiga simu kuulizia, usianze na "bei ya mwisho ni ngapi". Uliza maji yakijaa nani anaamua, na pesa zinarudi ama mnapewa siku nyingine. Uliza kama kuna mtu wa kayaki anayeandamana na rafti kwa uokoaji, na kama kila mtu ana helmeti yake. Ukijibiwa "msijali", kata simu utafute wengine. Kisha uandikie grupu wazi: mto ukikataa, tunakula samaki Sagana na tunarudi nyumbani. Asiyetaka hiyo asichange.

Usafiri ndio rahisi. Ni kama kilomita 100 kutoka Nairobi, mnapitia Thika Road, Kenol, Makutano. Mat za Karatina na Nyeri zinapita hapo.

Kuna jambo dogo ambalo watu hupuuza: yale maelezo ya nchi kavu. Kiongozi anaeleza kwamba ukitupwa majini, lala chali, miguu mbele, vidole juu, na usijaribu kusimama kwa maji yanayokimbia kwa sababu mguu unaweza kunaswa kwa mawe. Nyuma yake nusu ya mbogi inapiga selfi. Simu zibaki kwa gari hadi amalize, hata zetu sisi wa kontenti.